Wamemwita Mwanangu Bibi Kizee

Hinde, nakuandikia kutoka hapa hospitali.

Daktari kasema mapafu ya mwanangu Tsirl yanazidi kuchoka. Papo hapo mama mkwe akaniambia, "Tumwongezee jina. Aitwe Alte."

Alte! Kwa Kiyidi chetu sisi Wayahudi si ndiyo Bibi Kizee? Mtoto hajatimiza hata mwezi!

Nikampigia kelele mbele ya wauguzi, "Mama, mwanangu si kichekesho!"

Wala hakukasirika. "Dada zangu wote walizikwa wachanga. Nilipozaliwa mimi nikaitwa Alte, ili kifo kikija kutafuta mtoto kikute bibi kizee."

Nikakubali, Hinde.

Mume wangu kakimbilia sinagogi, wamwombee kwa jina hilo.

Hali haijabadilika. Nimepenyeza mkono kwenye kisanduku chake cha kioo, nikamwambia, "Bibi Kizee wangu, usiende."