Kaza Mkono, Shemeji

Dada yangu,

Mama hajambo, ni goti tu linamsumbua. Cherehani yako nimeitia mafuta, sasa inashona bila kelele.

Jana polisi waliniletea ile bastola mpya ya marehemu mumeo niikague. Alikuja nayo karakanani kwangu wiki moja kabla ya kuuawa, akilalamika kwamba akipiga, ganda la risasi halirukii nje, linabana, na risasi ya pili haipandi. Mimi, fundi wa silaha wa miaka ishirini, hata kuifungua sikuifungua. Nilimwambia mbele ya walinzi wenzake, "Shemeji, unaishika kama yai! Kaza mkono." Wakacheka. Naye akacheka, akarudi lindoni na aibu yake.

Leo nimeifungua. Kile kijino kinachong'oa ganda kimemeguka ncha, kosa la kiwandani. Ganda la ile risasi moja aliyowapigia majambazi bado limekwama ndani.

Msibani uliniuliza kwa nini vidole vyake vilikataa kukunjuka walipomwosha.

Alikuwa amekaza mkono, dada. Kama nilivyomwambia.

Mdogo wako,
Fundi