Mawaridi Mwishoni mwa Mizabibu

Fresno, Jumapili baada ya ibada

Mwanangu Janelle,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mumeo na huyo mgeni aliye tumboni. Sisi tunapumua. Je, miguu bado inavimba? Ukikaa iinue juu ya mto, na vya chumvi usivile. Najua daktari ameshakwambia, lakini mimi nisipokwambia sipati usingizi. Mwandiko univumilie, naandikia juu ya goti.

Tumerudi juzi kutoka shamba la mizabibu la mzee Bertoldi, kule vilimani Amador, tulikokwenda na wenzetu Rosco na mkewe Marjean kama kila mwaka, kila mtu na nyumba yake ya magurudumu, wao mbele sisi nyuma. Mzee Bertoldi hatozi kitu. Unaegesha mwishoni mwa mizabibu, unalala, na heshima yako ni kununua chupa ya divai yake kabla hujaondoka. Marjean alionja kila pipa, akasema yote yana ladha ya lile la kwanza. Mimi unanijua, nililowesha midomo nikaomba maji. Rosco alichoma nyama ikaungua, akasema huko vilimani ndivyo inavyoliwa.

Unakumbuka barua yako ya Aprili, ulipomsihi baba yako asiendeshe mwenyewe mpaka huko Oregon mtoto akizaliwa? Nilimsomea mimi, maana alisema hajui miwani kaiweka wapi. Alicheka. Akasema ndege hapandi, hilo unalijua, na kwamba siku asiponiona mimi kwenye kioo cha pembeni, ataziweka funguo chini bila kuombwa na mtu. Nikaikunja barua, nikairudisha kwenye bahasha.

Sasa nikueleze siku tuliyofika shambani. Kazi yangu unaijua, kusimama nyuma na kumwongoza baba yako anapopiga rivasi. Lile sweta jekundu nalivaa hata jua likiwaka, kwa sababu hiyo tu. Nikitulia, aje. Nikipunga mikono yote miwili, asimame. Asiponiona kabisa, pia asimame. Ndiyo sheria yetu tangu ungali mdogo. Waliotutangulia walikuwa wameshakunjua viti na kushika glasi zao, maana kambini hakuna burudani kama kutazama mke akimwongoza mume kurudi nyuma.

Nilipunga mikono. Gari likaja. Nikapunga tena, nikaita jina lake, likazidi kuja mpaka likalaza nguzo moja na mzabibu wake, zabibu zikiwa bado juu yake. Rosco akapaza sauti kutoka kitini, "Del, bwana, zabibu huvunwa kwa mkono, si kwa bampa." Watu wakacheka. Baba yako akashuka, akacheka nao, kisha akaniuliza mbele ya wote nilikwenda kusimama wapi.

Nilikuwa pale pale ninaposimama siku zote. Nikasema jua lilinipiga machoni, nikachelewa kupunga. Marjean akasema hajaona mwanaume aliyegonga kitu mkewe asilaumiwe. Mzee Bertoldi akaja akatazama, akasema mzabibu ule ulikuwa mvivu tangu zamani, asisumbuliwe mtu. Yakaishia hapo, kwao wao.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Asubuhi ya kuondoka, wenzetu wakiagana na mzee, baba yako alinishika mkono tukatembea mpaka ule mstari. Mwishoni mwa kila mstari kumepandwa mawaridi, kama kwa wakulima wote wa kule, maana ugonjwa unaoujia mzabibu huonekana kwanza kwenye waridi. Kichaka cha pale ni chekundu, cha kimo changu. Akakigusa.

Akaniambia, "Verna, huyu ndiye niliyemfuata. Alikuwa ametulia, nikajua ni wewe unaniambia nije."

Nilimwuliza tangu lini. Akasema tangu kabla ya barua yako, na kwamba njia nzima ya kwenda alikuwa akifuata taa za nyuma za gari la Rosco. Kisha akazitia funguo mfukoni mwa sweta langu.

Nimeendesha mimi, Janelle, mpaka nyumbani. Polepole, mikono yote miwili kwenye usukani. Kutoka pale ilibidi kwanza nirudi nyuma kidogo, basi akaliomba lile sweta, akalitupa mabegani, akaenda kusimama aniongoze. Gari kubwa vile, analiona. Rosco alifungua mdomo afanye mzaha, Marjean akamkanyaga mguu.

Kwa daktari wa macho tunakwenda wiki hii, hilo nimemshikilia. Na Oktoba tutakuja. Kila asubuhi nafanya mazoezi kwenye uwanja wa kanisa, yeye kando yangu, anasema nakanyaga breki kama naua mende. Tukiingia uani kwako usiangalie nani ameshuka mlango upi, na usimwambie nimekuandikia. Mkimbilie yeye kwanza.

Mpe mumeo salamu zetu, na Marjean anakutumia jamu ya zabibu, nitaibeba. Kunywa maji mengi.

Na yale mawaridi mekundu uliyopanda getini, nilitaka kukwambia uyang'oe. Yaache, mwanangu. Nitayaona.

Mama yako akupendaye,
Verna