Maziwa Baridi, Gari Moto

Jumatatu, 3 Februari
Taa nyekundu tena. Nimetoka Leparua na maziwa ya ngamia, AC imefunguliwa mpaka mwisho, na bado betri ya hili gari langu la umeme inalalamika joto. Gari likapunguza mwendo lenyewe. Ng'ombe walinipita. Mchungaji wao akanipungia mkono kwa huruma.

Basi la Nairobi limeondoka bila maziwa yangu. Nyumbani, nilimkuta Guyo nje. Alikuwa anapangusa pikapu yake. Mume wangu huyu hajawahi kupangusa pikapu tangu anioe.

Jumanne, 4 Februari
Kwa fundi Mutuma, Bulla Pesa. Akafungua boneti, akatafuta mkanda wa feni. Hakuna. Akatafuta mahali pa kumwaga oili. Hakuna. Akafunga boneti polepole, kama mtu aliyefungua choo akakuta mwenyewe yumo. "Mama Halkano, hii gari haina ugonjwa. Haina hata mwili."

Watu wakajaa. Mmoja akasema niendeshe boneti ikiwa wazi. Mwingine akaleta ndoo ya maji, nikamfukuza. Mwenye mkokoteni akanishauri ninunue punda. Penye wengi hapaharibiki jambo, wanasema. Wangekuja waone.

Angalau maziwa yasiharibike. Nimeongeza magunia ya kupozea maziwa, nimeyaloweka maji vizuri na kuyabana kuzunguka mitungi, kiti chote cha nyuma mpaka chini kwenye sakafu.

Alhamisi, 6 Februari
Taa iliwaka mapema kuliko siku zote.

Guyo ametoa hukumu. Binamu yake wa Oldonyiro anakuja wiki ijayo kulinunua gari. Mimi nitapanda pikapu kama zamani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akaniambia. Mkuu ni yeye, kumbe.

Zamani ilikuwa hivi: namngoja amalize chai. Namngoja amalize miraa. Namngoja asalimie kila mwanamume barabarani na kuuliza habari za kila mbuzi. Maziwa yanachacha, na mimi nachacha pamoja nayo. Sitaki. Kwa gari hili nimeenda mahali kwa sababu tu nimetaka kwenda. Sitaki kurudi nyuma. Nimelia kidogo, jikoni, ili moshi ulaumiwe.

Jumamosi, 8 Februari
Ayo ameomba lifti. Ni mama yake Guyo, na tangu mzee wake afariki hajatoka nje ya geti. Hukaa mkekani akitazama wapita njia na kuwakosoa mavazi. Leo alitaka kumwona dada yake huko Leparua.

Nilimwonya kwamba gari lina homa. Akasema atalisomea dua. Kisha akaona magunia yangu yanachuruzika maji, akatazama dera lake la maua, akaamuru mitungi na magunia yote yaende kwenye buti ya gari. Akaketi nyuma peke yake kama waziri. Dua njia nzima, sauti juu. Mahali pengine alikatiza kunikumbusha nipunguze mwendo.

Kwenda na kurudi, hakuna taa. Sielewi.

Jumatatu, 10 Februari
Leo nilitoka bila Ayo. Mitungi ikarudi kwenye kiti cha nyuma, na magunia yake. Taa ikawaka hata kabla sijauona mji.

Guyo akamtazama mama yake. Akanitazama mimi. Nilijua anawaza nini, maana hata mimi nilikuwa nawaza hilo hilo.

Jumatano, 12 Februari
Jana na leo nimetoka na Ayo. Gari baridi kabisa. Bulla Pesa nzima imepata habari. Mwenye pikipiki kaleta mashine yake isomewe. Mutuma, Mmeru tena mshika kanisa, ameuliza kama Ayo anaweza kugusa sanduku lake la spana. Ayo akagusa.

Guyo amempigia binamu simu asije. Nani atauza gari lililoombewa na mama yake mzazi?

Nimefurahi. Pia naona wivu, niseme ukweli. Mimi nami nasali mara tano kwa siku, na gari halijawahi kunijali.

Alhamisi, 13 Februari
Ayo alipotaka kushuka, mtandio wake ulikataa. Ulikuwa umenaswa chini ya kiti cha nyuma. Nikapiga magoti kuutoa. Kuna wavu pale, na ndani feni inavuma. Inavuta hewa ya baridi ya humu ndani kuipeleka kwenye betri. Wavu umejaa vumbi na nyuzi za gunia.

Hapo hapo ndipo nilipokuwa nabana gunia bichi kila asubuhi. Nimeziba gari pua halafu nalalamika halipumui! Nilicheka hadi Ayo akauliza kama nimechanganyikiwa.

Ijumaa, 14 Februari
Nimehakikisha. Nilienda peke yangu, mchana, jua kali, magunia kwenye buti. Hakuna taa. Nikasimama, nikabana gunia kwenye wavu, nikaendesha. Taa. Nikalitoa, nikasubiri. Taa ikazimika. Basi ni hilo tu.

Nilirudi mbio kumwambia Guyo. Hotuba nilikuwa nimeipanga, yenye sehemu nzuri kuhusu wakuu na miguu iliyovunjika. Getini nikamkuta Ayo amevaa dera jipya, kiatu mguuni, kikapu mkononi. Amengoja tangu asubuhi. Hakunisemesha mpaka jioni.

Sikuitoa hotuba.

Jumamosi, 15 Februari
Nimeamka mapema kusafisha wavu kwa mswaki wa zamani. Sikumsikia Ayo akija. Alisimama nyuma yangu, akatazama mswaki, akatazama wavu, akatazama magunia kwenye buti. Mwanamke aliyemlea Guyo si mjinga.

"Ni hiyo tu?"

Nikamwambia ndiyo, Ayo.

Akageukia mlango. Guyo alikuwa anakohoa ndani ya nyumba, anatafuta viatu.

"Guyo asijue hii maneno," akasema.

Akapanda. Akakusanya dera lake mbali na wavu, akaanza dua. Nikaitikia amin, nikafungua geti.