Jani la isale alilolikata mama

Kilema, Jumapili jioni

Jani liko hapa mezani na sijui niliweke wapi.

Mchana mimi na mama tuliangalia filamu. Ndugu wawili wanapata ajali, mmoja anapona. Aliyepona analia kila mara, anapiga ukuta ngumi, na muziki juu. Niliudhika. Ni miaka sita tangu mdogo wangu Beda afe kwenye pikipiki niliyoendesha mimi, na sijapiga ukuta wowote. Namlimia mama migomba, na sikalii kiti cha Beda. Basi.

Halafu ikaja sehemu ambayo mama yao anampakulia chakula bila kumtazama usoni. Muziki hakuna. Hivyo ndivyo mama anavyonipakulia mimi. Waliotengeneza ile filamu walijuaje?

Mama akasema, "Zima hiyo."

Akatoka. Nikajua nimemuumiza tena. Aliporudi alikuwa na jani la isale alilolikata pale kaburini kwa Beda, akanipa kwa mikono miwili. Huku kwetu jani hilo hulipeleka aliyekosa, na anayepelekewa hawezi kukataa kusamehe. Miaka yote hiyo nimepita pale nikikosa ujasiri wa kulikata mimi.

"Siku ya mazishi nilijiuliza kwa nini hukufa wewe," alisema. "Nisamehe, mwanangu."

Sikujua kwamba mzazi anaweza kumletea mtoto isale. Nililipokea kwa mikono miwili.

Mama akanivutia kiti cha Beda. "Kaa," akasema, "chakula kinapoa."