Kijiko cha Kwanza Ule Wewe

Nyumbani,
Chumba cha nyuma ya karakana,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa binti yangu, kitindamimba wangu,

Kabla ya lolote nakusalimu. Hujambo? Mume wako hajambo? Kile kikohozi kimekuacha, au bado unakificha kwa chai ya moto? Mimi ni mzima wa kusema mbele za watu. Natembea, nasema, nagomba. Kwa hiyo usianze kulia sasa hivi, maana barua yenyewe bado ni ndefu.

Anayekukabidhi barua hii ni shemeji yako, na mtoto aliyembeba ni Kibogoyo wetu. Mpokee mtoto kwanza, mbusu, kisha uketi ndipo usome.

Jina hilo la Kibogoyo alipewa na mama yake, marehemu dada yako, na sasa halimfai tena. Meno ya mbele yapo, juu na chini, na magego yanachomoza yote kwa mpigo. Ufizi umevimba, mate yanamtiririka mpaka gauni linalowa kifuani. Mchana mfunge kitambaa shingoni na ukibadilishe kikilowa, la sivyo kidevu kinababuka. Akilala kiondoe.

Unajua kwa nini anakuja. Daktari amesema moyo wangu umechoka, nisiinue hata ndoo ya maji. Nilimwuliza kama mtoto ni mzito kuliko ndoo, akaniandikia vidonge. Shemeji yako naye anapelekwa mbali kwenye ujenzi wa daraja, na mafundi wa kuchomelea wanalala huko huko kambini. Jambo hili tumeligeuza kila upande tukakosa pa kutokea. Sitakudanganya, mwanangu: nakupa huku moyo unakataa.

Sasa nikueleze habari za kula kwake, kwa sababu hapo ndipo tulipokaribia kumpoteza.

Tulipotoka kumzika dada yako, mtoto alifunga mdomo. Maziwa ya chupa alikuwa akinyonya kidogo, lakini akiona kijiko anageuza uso ukutani, na asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Wote tukasema ni meno. Muuguzi wa kliniki alisema ni meno, jirani yetu fundi cherehani alisema ni meno, na mimi nikasema ni meno kwa sauti kubwa kuliko wote. Basi nikaingia jikoni.

Mimi niliyelisha kiwanda kizima kwa masufuria ya kantini, nilishindwa na mdomo mmoja usiozidi kifungo cha koti! Nilisaga ndizi, akatema. Nilimpondea parachichi, akalipaka ukutani, na doa lake mpaka leo halijatoka. Kwenye mizani ya kliniki mshale ukarudi nyuma, na mara iliyofuata ukarudi tena. Muuguzi yule ni mtu wa kuchekacheka, lakini siku hiyo hakucheka.

"Bibi, akishuka tena sikupi uondoke naye," aliniambia. "Tutamlaza, tumlishe kwa mpira wa puani."

Nilitoka pale nimemkumbatia mtoto. Njia nzima nilikuwa namwona dada yako kwenye kitanda cha hospitali alikofia, safari hii amelala mwanawe mahali pake. Nilikaa kwenye ngazi za duka la mtu mpaka mwenye duka akaniletea maji.

Kilichotuokoa ni vidonge vyangu. Haviruhusiwi kumezwa tumbo likiwa tupu, na tangu msiba hakuna aliyekuwa akila asubuhi humu ndani. Shemeji yako alikuwa akiondoka bila hata chai. Mimi nilikuwa nasimama juu ya mtoto na bakuli, nikimbembeleza na kumtishia, na mate ya mdomo wangu mwenyewe yamekauka. Basi asubuhi moja nikaketi, nikachota uji wake kijiko kimoja, nikala ili nimeze dawa. Kibogoyo akanitazama. Alikitazama kijiko kikiingia, akalitazama koo langu likimeza. Kisha akafungua mdomo.

Niliduwaa, kijiko kiko hewani. Ndipo nikakumbuka. Si unakumbuka nilivyokuwa nawalisha nyinyi wawili? Kijiko cha kwanza changu, kupima moto, nikisema, "Cha mama hiki." Cha pili chenu. Dada yako akamlisha mwanawe vivyo hivyo tangu uji wake wa kwanza. Kumbe siku zote zile mtoto alikuwa anangoja mtu ale kwanza, nasi tukawa tunamchungulia ufizi. Nilijiona mjinga wa wajinga, nikalia mbele yake, lakini bakuli tulilimaliza.

Usidhani meno hayamuumi. Yanamuuma sana, na nitakwambia la kufanya. Akiamka analia, usikimbilie bakuli. Mpe kwanza kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi akitafune, au kijiko kilichokaa kwenye friji, si kwenye barafu. Ufizi ukipoa ndipo mdomo unakubali. Uji uwe laini na karibu kupoa. Ndizi iliyoiva sana iponde kwenye mtindi baridi, hiyo ndiyo kipenzi chake. Siku umechelewa, chukua parachichi na uma, yamekwisha.

Yai lichemshe mpaka likaze, ulisage na maziwa kidogo. Kiazi kitamu kilichobaki jioni mkatie vipande laini vya kushika, atajilisha mwenyewe na kukulisha wewe na sakafu. Mkate uloweke. Ukiwa mkavu anakata kipande kikubwa halafu anasahau kutafuna, na karoti mbichi hata akililia usimpe, atapaliwa. Machungwa yanamchoma. Asile akitembea, wala usimwache peke yake mezani hata kama simu inalia.

Kuna siku atakula vijiko vichache tu. Mwache, usimfukuze na bakuli chumba hadi chumba kama nilivyofanya mimi. Lakini akipata homa kali au akiharisha, tafadhali usiseme ni meno. Mpeleke kliniki. Neno hilo tumelisema vya kutosha.

Mshale umepanda, si haba. Muuguzi aliniuliza nimemlisha nini, nikamwambia nimejilisha mimi. Alidhani nazeeka vibaya.

Shemeji yako siku hizi anakula naye kabla ya kwenda kazini. Leo asubuhi tumekula wote watatu. Macho yake ni mekundu, anasingizia moto wa kuchomelea, na hajashika mashine tangu juzi. Ukimwona mlangoni usimwulize lolote, mpe chakula.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Mume wako alinipigia simu bila wewe kujua, na usimgombeze. Ameniambia kwamba tangu msiba unapika, unapakua, kisha unaondoa sahani yako kama ilivyokuja. Nakuelewa, mwanangu. Mlilala kitanda kimoja na kugombania shuka moja mpaka siku alipoolewa. Lakini kesho asubuhi Kibogoyo ataketi mezani kwako, katika nyumba asiyoijua, magego yanamuuma, na atakuangalia mdomo. Usipokula, hatakula. Sina namna ya upole ya kulisema hili. Nimeshazika mmoja.

Msalimie mume wako, mwambie nashukuru kwa umbea wake. Msalimie na mama mkwe wako. Fundi cherehani anakusalimu, na lile gauni la njano alilovaa mtoto ni zawadi yake. Mwenyezi Mungu awaamshe salama, awape hamu ya kula, na akijalie kikohozi chako kiishe.

Mimi kesho nitaketi mahali pale pale, maana vidonge havijui kama mtoto ameondoka. Nitakula kijiko changu cha kwanza. Cha pili sijui nitakipeleka wapi.

Wewe chota, upime moto, useme, "Cha mama hiki." Najua neno hilo litakukwama kooni, utaona kama unamwibia dada yako. Humwibii. Wewe ni mama yake mdogo, na mkubwa hayupo. Liseme, umeze, halafu umpe cha pili.

Akupendaye na kukutegemea,
Mama yako.