Filimbi ya Bata Ilikuwa Mikononi Mwangu

Kaka Deo,

Ujumbe wako nimeupata. Miezi yote hii uko Brisbane kimya, hata salamu hakuna, leo unaandika kwamba filimbi yako ya kuitia bata imekwama, msimu wa kuwinda umekaribia, nikueleze namna ya kuitengeneza. Hukuuliza hata kama mimi ni mzima.

Nakujibu ili usije ukasema nilikunyima. Vuta nje ulimi wake, kile kipande chembamba cha plastiki kinachotetemeka ndani, lakini kwanza utie alama ya penseli mahali ulipokaa, maana ukiurudisha pasipo pake, sauti imekwisha. Suuza kwa maji vuguvugu. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya ulimi, utoe mate na makombo ya sambusa zako. Iache ikauke kivulini, na usiisahau garini juani. Haya nilikuambia tangu mwanzo, ukanicheka.

Unakumbuka siku tuliyonunua filimbi zetu? Tulitoka kazini Lidcombe, bado tumevaa sare za kiwandani. Ulichagua ya plastiki ngumu inayong'aa kwa sababu ilipiga kelele kuliko zote dukani. Mimi nikachukua ya mti, yenye ndimi mbili, laini, inayomvumilia anayejifunza. "Hiyo ya watoto," ukasema. Nilifanya mazoezi bafuni kwangu Guildford hadi jirani akagonga ukuta. Nikajifunza kutoa pumzi tumboni, si mashavuni. Nikajifunza kunyamaza bata wakija, na kuwaita wakigeuza mikia. Wewe kunyamaza hukuweza kamwe. Ndiyo maana kule Riverina, kwenye mashamba ya mpunga, uliniambia, "Mdogo wangu, ita wewe, mimi nitapiga."

Nikaita. Asubuhi ile walitushukia kundi zima, na nyuma yao mmoja wa kijivu, mwenye madoadoa, kisogo kimechongoka. Nikakunong'oneza, "Acha huyo, analindwa na sheria." Ukapiga.

Afisa wa wanyamapori alipomkuta yule bata majanini, aliuliza nani kampiga. Kiingereza changu unakijua. Benki, hospitali, kila mahali ulinisemea wewe. Ukaninyooshea kidole: "It was him." Ni yeye. Hayo hata mimi niliyaelewa. Bunduki yangu ilikuwa imelala matopeni. Ulipofyatua yako, viganja vyangu vyote viwili vilikuwa vimeikumbatia filimbi, nawe uliviona. Nikakugeukia, nikingoja ucheke, useme ulikuwa unatania.

Wakaninyang'anya leseni. Kanisani wakaanza kuniita jangili. Binti yangu akaniuliza, "Dad, why didn't you say something?" Kwa nini sikujitetea? Ningemjibu nini? Kwamba nilikuwa namngoja kaka yangu?

Sikusamehe, Deo. Hao wa kanisani uliowatuma waniletee aya za Biblia, waambie wapumzike. Ukienda kuwinda mwaka huu, usipitie kwangu hata kunywa maji. Pita barabara nyingine.

Jana Mama alipiga simu kutoka Kigoma, akataka kujua kwa nini wanawe hawazungumzi. Siku zote nilimdanganya kwamba una kazi nyingi. Jana nilimweleza yote. Akaniambia nisubiri achukue kalamu. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya chini unayoijua, "Nitajie namba yake mpya."

Nimemtajia. Kaa karibu na simu.

Aliyekuwa mdogo wako