Kompyuta ya Chumba cha Cherehani

Jumatatu, 1 Septemba

Salaam, shajara yangu. Hujambo? Umeshindaje tangu wiki jana, chini ya mikasi na vipande vya bitana? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Roho ndiyo inachemka.

Leo tena kompyuta imeniaibisha. Tulikuwa kwenye gemu, langoni, sote watano, kila mtu na kazi yake. Mimi kwenye gemu hii ni mganga – wenzangu wakijeruhiwa, nawatibu wasife. Maadui wakamiminika, nikabonyeza – picha ikaganda. Kabisa! Namwona mdogo wangu mguu mmoja uko hewani, haushuki. Ilipozinduka, wenzangu wote chini, maiti.

Jemadari akaanza. Ndilo jina alilojipa, huyo kiongozi wetu. Sura yake siijui, lakini sauti ni ya mtu ambaye ndevu bado zinakitafuta kidevu. Ati Bibi, umesinzia? Ati huyu ni mganga au mwosha maiti, mbona anafika watu wameshakufa? Wale wengine wawili wakacheka. Mdogo wangu kimya.

Hicho kimya chake ndicho kilichonichoma. Tumenyonya ziwa moja mimi na yeye. Tulikosana siku ya kugawana vitu vya marehemu mama – nilisema yangu, akasema yake, akaondoka bila kuaga. Nikimpigia simu hapokei. Salamu za sikukuu hajibu. Halafu mwaka jana, bila hata neno, akanitumia mwaliko wa hii gemu. Mwaliko tu. Nikaingia nikiwa sijui hata kutembea, nagonga kuta. Na humo ndimo anamoniita dada. "Dada, nyuma yako!" "Dada, kulia!" Basi. Nje ya hapo mimi kwake sipo.

Kwa hiyo mtoto wa watu asinichezee.

Jumanne, 2 Septemba

Amri imetoka. Jumamosi baada ya alasiri kuna mashindano. Jemadari kasema mwenye mashine ya kukwamakwama ampishe mwingine, mganga mpya anaye, yuko tayari. Yaani nitolewe! Nikauliza, nikija na mashine mpya? Akasema, Bibi, usijisumbue, kalee wajukuu. Sina hata mjukuu mmoja, mshenzi yule. Mungu anisamehe.

Baba watoto alikuwa anapita na taulo begani, akasikia. Akasema, mke wangu, mtu mzima unatukanwa na vitoto ndani ya nyumba yako mwenyewe, na umeme unalipia wewe. Nikamwambia akaoge.

Kisha – hili niliandike vizuri – wenzetu walipotoka, mdogo wangu alibaki. Akasema: "Dada, ukinunua, weka nguvu kwenye kadi ya michoro. Usidanganywe na mataa." Nikataka kumuuliza habari za watoto. Jina lake likazimika.

Lakini sentensi mbili! Tangu tulipokosana sijawahi kupewa mbili kwa mpigo.

Jumatano, 3 Septemba

Nimetoka dukani na kichwa kinagonga.

Fundi wa kompyuta ana kaunta ya kioo na kiti kimoja, nacho anakikalia yeye. Nikasema nataka kadi ya michoro, ile inayoendesha picha za gemu. Akatazama nyuma yangu kama anayemtafuta mtu aliyesimama mlangoni. Ati, mama, ni ya kijana wako? Nikasema ni ya kwangu. Akacheka puani.

Akanitolea sanduku lenye mataa ya rangi, linawaka kama ukumbi wa harusi. Nikasema mataa sitaki. Akasema vijana wote wanachukua hili. Nikasema mataa hayatibu mtu. Hakuelewa. Ndipo akaanza kunimwagia – sijui prosesa, sijui ram, sijui pawa saplai lazima iwe kubwa, la sivyo kadi itakosa chakula. Nikauliza, kadi ipi inaweza kubeba vita vya watu wengi bila kuganda? Akanionyesha ya kati, nikaikataa. Akanionyesha iliyo juu yake. Nikauliza tofauti ni nini, anieleze kama mtu anayeeleza mtu. Akapumua, akasema:

"Mama, hii si cherehani."

"Na wewe si fundi cherehani, angalia hilo shati lako lilivyopinda bega."

Wateja wawili wakaguna. Akanikata jicho. Nimechukua ile ya juu, na pawa saplai yake, na ram. Hela niliyokuwa naiwekea cherehani ya kudarizi imeishia hapo. Sijuti. Kudarizi kunaweza kusubiri, Jumamosi haisubiri.

Alhamisi, 4 Septemba

Fundi kaja asubuhi, kafunga kila kitu, hakukubali hata maji. Akaondoka kama aliyetoka kutoa ushahidi.

Lakini subhanallah! Picha inateleza kama satini. Majani ya kwenye gemu yana mishipa – sikuwahi kujua! Tulifanya zoezi kabla ya magharibi, sikumwacha mtu afe. Safari hii Jemadari ndiye aliyesingizia intaneti yake. Mdogo wangu akasema, "Sawa, dada." Nimeswali magharibi na tabasamu, sijui kama inafaa.

Halafu nikaiangalia ile kompyuta, ilivyokaa pale baina ya mashine zangu, uchi. Chumba hiki kina manyoya ya vitambaa, nikipiga pasi yanaruka mpaka puani. Cherehani isiyofunikwa humu haimalizi mwezi, inameza nyuzi mpaka inakaba. Kitu cha thamani hivi nikiache hivyo? Nimeipima mgongo na mbavu, nikaishonea vazi. Kitambaa kizito kile cha makochi kilichobaki, bitana ndani, ukingo mara mbili. Nimeacha uso wazi wa kuwashia na tundu la nyaya, basi. Imekaa mwilini mwake! Hata nikiwa nacheza sitaivua, maana vumbi halijui saa.

Ijumaa, 5 Septemba

Imezimika. Katikati ya zoezi – pu! Giza. Nikaiwasha, ikaenda kidogo, pu tena. Kabla ya hapo ilikuwa inavuma kama mashine ya kusaga. Nilidhani ndiyo nguvu yenyewe.

Jemadari: Bibi kafa kabla ya wagonjwa.

Fundi kaniuzia kadi mbovu. Iliyokarabatiwa. Namjua. Nilimwona machoni.

Jumamosi, 6 Septemba

Leo sindano haishikiki. Niandike tu.

Asubuhi nilikwenda dukani. Nikamwita mwizi. Mbele ya wateja, kwa sauti yangu ya kuitia wateja wa upande wa pili wa barabara. Nikasema umeniona mwanamke, umeniona mtu mzima, ukaniuzia maiti ya kadi. Akasema leta mashine niitazame. Nikasema nitaletaje, jioni natakiwa uwanjani! Akauliza uwanja gani. Nikamwambia hayamhusu. Akasema, mama, nenda zako, Jumatatu nitakuja, na nikikuta ni kosa lako utaniomba radhi hapa hapa nilipotukanwa. Nikasema na nikikuta ni lako, utakula hiyo kadi bila chumvi. Mtu mmoja kwenye foleni akasema amina.

Nikarudi. Nikaifutafuta. Lile vazi lilikuwa limelegea upande, nikalifunga utepe, likae. Nikaswali alasiri, nikaomba – Mola wangu, kama michezo haikupendezi niambie siku nyingine, si leo.

Tukaanza. Raundi ya kwanza tumeshinda. Niliwatibu wote! Yule mmoja aliyekuwa ananicheka kasema, "Ahsante, mama." Raundi ya pili, langoni. Mdogo wangu katangulia, kazungukwa, ananiita – "Dada! Dada, nitibu!" Ikavuma. Ikavuma sana. Nikagusa lile vazi, moto kama pasi. Nikasema ndani yangu, vumilia, mama, kidogo tu.

Pu.

Nilipofanikiwa kurudi mambo yalikuwa yameisha. Tumetolewa. Jemadari hakuwa anatania tena, alikuwa anatukana, matusi ambayo siwezi kuyaandika na udhu wangu huu. Kasema kizee, kasema mzigo, kasema na aliyemleta naye ni mjinga. Mimi nasubiri. Nasubiri mdogo wangu aseme neno moja. Mwache. Huyu ni dada yangu. Chochote!

Hakusema. Nasikia anapumua kwenye kipaza sauti. Kisha maandishi yakapita – nimeondolewa kwenye timu. Yakafuata mengine, sikuyaamini: na yeye kaondoka. Kajiondoa mwenyewe.

Kaondoka kwa ajili yangu, au kaondoka kwa aibu ya kuwa na mimi? Angesema basi! Ulimi anao. Siku ya vitu vya mama ulimi ulikuwepo.

Jumapili, 7 Septemba

Kila nikifungua gemu, jina lake ni la kijivu. Hayupo. Jemadari kaniandikia, ati nimemvunjia timu, mtu wake bora kaondoka kwa sababu ya bibi. Nikamjibu, tafuta mganga mwingine, na akutibu adabu kwanza. Nikamfungia.

Haikunisaidia kitu.

Jumatatu, 8 Septemba

Fundi kaja. Kasimama mlangoni, kaiangalia kompyuta, hakuigusa. Kainamisha kichwa upande mmoja, halafu wa pili.

"Mama, hii ni nini?"

"Vazi lake."

"Nani kaivalisha?"

"Unaona kuna fundi mwingine humu?"

Akaufungua ule utepe polepole kama anayefungua kidonda. Akaweka kiganja mgongoni mwa kompyuta, akakitoa haraka. Akasema, mama, hii inapumua huku nyuma na juu. Wewe umeiziba pua ukaipa kazi ya kubeba gunia. Ikipata moto sana inajizima yenyewe isiungue. Kadi ni nzima. Imekuokolea hela yako, na wewe umekwenda kunitukana.

Akaiwasha bila vazi. Ikakaa kimya, tulivu, kama si ile.

Halafu akacheka. Akacheka mpaka akashika meza yangu ya kukatia! Akampigia mwenzake simu papo hapo: njoo uone, kuna kompyuta huku ina suti. Namchukia mtu huyu. Namchukia zaidi akiwa na haki. Akasema anangoja. Anangoja nini? Radhi yangu, dukani, kama tulivyopatana. Nikamwambia chai ipo. Akasema chai si radhi. Nikamwambia basi avue shati, nimrekebishie bega. Akafikiri. Akavua. Nikafumua mshono, nikaushona upya. Akavaa, akajitazama kwenye kioo changu cha wateja, akajigeuza. Akasema dukani bado ananingoja.

Nitakwenda. Wiki hii. Mungu ananiona.

Alipotoka nililikunja lile vazi, nikalitupa kwenye kapu la vitambara. Kushona kwangu mwenyewe! Kazi ya mikono yangu ndiyo iliyonitoa. Mdogo wangu aliita nitibu, na mimi nilikuwa nimefunga utepe.

Jumanne, 9 Septemba

Bado kijivu.

Kompyuta inakwenda vizuri mno. Nimeingia peke yangu, nikasimama langoni. Majani yana mishipa. Hakuna wa kutibu.

Nimeshika simu tangu adhuhuri, gauni la mteja limelala bila mikono. Nimeandika, mbona hukunitetea? Nikafuta. Nimeandika, mama angekuona. Nikafuta haraka, hilo lingemaliza kila kitu. Nimeandika pole, nikaona pole ya nini, aliyetukanwa mimi! Bado nina hasira naye, shajara yangu, nisikufiche. Ningemkuta hapa ningempiga kofi la mgongo, halafu ningemwekea chakula.

Shida ni kwamba tumesahau kuongea. Mwaka mzima ni kulia, kushoto, nyuma yako. Bila adui mbele yetu sijui naanzia wapi na mtoto niliyembeba mgongoni.

Baba watoto kapita, kasema mwandikie tu chochote, muulize hata saa. Leo angalau kasema la maana.

Basi nimeandika hivi. Fundi alishanionyesha kwa kidole, hewa inaingilia wapi na inatokea wapi, jibu la swali hili nalijua hata nikiwa usingizini. Lakini nimeandika. Naliweka hapa kwanza nione linavyosomeka, kisha nitume kabla alasiri haijaadhiniwa:

Salaam mdogo wangu. Hujambo? Watoto hawajambo? Sisi wazima. Nina swali la kompyuta. Feni ya nyuma inatakiwa ivute hewa ndani, au iitoe nje? Fundi wa hapa simwamini. Mimi dada yako. Nijibu upesi.